Kuvuka Likoni kwa Mgongo, Huko Grand Prairie

Nyinyi vijana mnaotaka kurithi wavu wangu na ndoo zangu za klorini, kaeni kitako niwaambie jambo moja kabla hamjagusa pampu ya mtu. Nimeosha mabwawa ya kuogelea ya Texas kwa miaka ishirini na saba. Nimeosha ya matajiri, yenye vigae vya samawati. Nimeosha ya majumba ya kupanga pale Euless, ambako ndege hushuka karibu hata ukaona matope ya nchi nyingine kwenye magurudumu yake. Nimeopoa keki nzima ya harusi, ya ngazi tatu, na bwana harusi aliyekuwa akiifuata. Na katika miaka yote hiyo, ukiondoa miezi michache ya mwisho, sikujua kuogelea.

Msicheke bado. Wekeni akiba.

Fundi wa bwawa hahitaji kuogelea. Anahitaji pua na mpini mrefu. Hayo alinifunza Don Chuy, mzee wa Kimeksiko wa Mesquite, aliyeniajiri nilipokuwa bado natafsiri mafua ya Texas kuwa malaria. Alikuwa na tumbo kama pipa na sauti ya mtoto. "Maji yakinyamaza, yaulize," alikuwa akisema. "Yakinuka, yamekwisha kujibu." Watu wengi hudhani harufu kali ya bwawa ni klorini nyingi. Sivyo. Ni klorini iliyochoka; imepigana na jasho na mikojo ya watoto mpaka ikazidiwa. Bwawa safi halinuki kitu. Andikeni hilo ukutani.

Jingine: usitie mkono kwenye kikapu cha kunasia majani kabla hujatazama. Mimi nilitia. Aliyemo alikuwa chura, lakini yowe nililopiga lilikuwa la chatu.

Mpini wangu wa wavu ulikuwa mrefu kuliko wa wenzangu wote. Niliuunga mwenyewe, vipande viwili kwa parafujo. Nilisimama hatua tatu kutoka ukingoni na kuopoa jani lililokuwa katikati ya bwawa, kama mtu anayelisha mamba. Don Chuy aliwaambia wateja kwamba huo ndio ustadi wa Kiafrika. Nilimwacha aamini. Kwa nini nimwambie kwamba mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Kibokoni, anaogopa maji yanayompita kifua?

Hasa kwa sababu mke wangu Zuhura hakuwa akijua. Na hapo ndipo penye kisa.

Nilipokuwa kijana nikimtaka Zuhura, yeye alikaa Likoni, ng'ambo ya mlango wa bahari, kwa shangazi yake. Siku niliyoalikwa kwa mara ya kwanza, alasiri, nilipitiwa na usingizi. Usingizi mtamu, wa shetani. Nilipozinduka nikakimbilia feri, nikavuka, na nilipokaribia nyumba nikaona kwa mbali shangazi anaondoa sahani. Nilitafuta udhuru nikaukosa. Palikuwa na bomba na ndoo kando ya njia. Nikajimwagia ndoo nzima, nguo na yote, nikavua viatu nikaviuma kwa meno, nikabisha hodi.

"Kulikoni?" shangazi akauliza.

Nikatoa viatu mdomoni. "Nimeona feri itanichelewesha kumwona Zuhura. Nimeogelea."

Nyuma ya pazia Zuhura alicheka, kisha akanyamaza. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba katika ule ukimya ndipo aliponikubali. "Nilijisemea moyoni," alisema, "mtu huyu akinitaka, hakuna maji yatakayomzuia." Tulikuwa tumelala kitandani, hapa Euless, na mtambo wa baridi ukivuma. Mngekuwa nyinyi mngemwambia ukweli wakati huo? Mimi nilisema, "Naam, mke wangu," nikageukia ukuta. Tangu siku hiyo niliogopa vitu viwili: maji, na Zuhura kujua kwamba naogopa maji.

Sasa niwape kosa langu kubwa la kazi, maana wengine mtapelekwa Houston na sitaki mlirudie.

Nyumbani, sisi watoto wa msikitini tulikuwa tukiosha birika la kutawadhia. Unalimwaga maji yote, unaingia ndani na makumbi ya nazi, unasugua, unasuuza, unajaza. Nikadhani bwawa la kuogelea ni birika lililonenepa. Basi Don Chuy akanituma Houston kwa bwana mmoja mpole. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na bwawa lake limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikaona dawa itachukua wiki. Nikalimwaga lote. Nikashuka kwa ngazi, kwa raha zangu, kwani bwawa tupu ndilo bwawa pekee nililolipenda, nikasugua mpaka likang'aa. Kisha nikatoka, nikakaa chini ya kivuli nile sambusa.

Nikasikia sauti kama kiboko anayepiga miayo.

Bwawa lilinyanyuka. Saruji, vigae, ngazi na taa zake, lote kwa pamoja, likatoka ardhini taratibu mpaka likawa juu ya majani kwa kimo cha goti langu, likatulia likiwa limeinama upande mmoja. Udongo wa kule hunywa mvua ukashiba, na maji yaliyo chini husukuma juu. Maji ya ndani ya bwawa ndiyo uzito unaolishikilia. Ukiyatoa, umeunda mashua.

Mwenye nyumba akatoka na kikombe cha kahawa. Akalitazama bwawa, akanitazama mimi. "Salimu," akasema kwa upole, "nina ngazi ya kushukia bwawani. Sasa nitahitaji ya kupandia?"

Nilimpigia simu Don Chuy. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Usilifunge kamba. Rudi nyumbani."

Hakunifukuza. Alinikata ubishi kwa mwaka mzima, maana kila nilipofungua mdomo alinyanyua kiganja chake taratibu, taratibu, kama bwawa.

Mteja wangu wa mwisho kabla ya kustaafu alikuwa Signora Ottavia wa Grand Prairie, Muitaliano, mjane wa miaka themanini na moja, aliyefundisha Kilatini maisha yake yote na ambaye bado aliwasahihisha watangazaji wa televisheni. Nilimwita Mwalimu. Kila Jumanne nilimkuta anamalizia kuogelea, polepole, bila kelele, kama mtu anayetandika kitanda. Alikuwa akijifunga vazi lake refu la taulo, ananipa kahawa chungu kama shubiri, na kunieleza neno moja la Kilatini nilitake au nisilitake.

Wiki ile ile niliyotangaza kustaafu, alikuja nyumbani Nesi Wanjiku. Mnamjua aina yake: anafanya zamu mbili, anaimba kwaya, na bado anapata nafasi ya kuwapanga watu. Kila kiangazi Waafrika Mashariki wa Dallas na wa Houston hukutana Jumamosi moja, wanachoma nyama na kushindana. Mwaka huo zamu ya wenyeji ilikuwa ya Houston, na Wanjiku alikuwa amebuni jambo jipya: wazee wanne kwa wanne, wapokezane kuogelea.

"Babu Salimu, nimeshaku-register. Wewe ndiye wa mwisho. Anchor."

"Anchor ni nanga, binti yangu. Nanga huzama."

"Acha modesty, Babu! Wewe ni mtu wa coast. Sisi wa Nyeri tukiona maji mengi tunafikiria chai."

"Mchukue Odhiambo. Amekulia ziwani."

"Odhiambo ako kazi weekend hiyo. Na ziwa si bahari."

Nilikuwa natafuta maradhi ya kujitaja wakati Zuhura alipopaza sauti kutoka jikoni. "Mwandike, Wanjiku! Huyo alivuka Likoni na viatu mdomoni!"

Wanjiku akapiga makofi. Akaandika jina langu kwa herufi kubwa. Zilibaki wiki sita.

Jumanne iliyofuata nilimweleza Signora Ottavia kila kitu. Alikiweka kikombe chini.

"Miaka tisa unasafisha bwawa langu," akasema. "Unalijua kama daktari."

"Daktari si lazima augue, Mwalimu."

"Na mkeo akijua?"

Alitazama uso wangu, na nadhani aliona yaliyomo, kwa sababu alisimama, akavaa kofia yake ya ukindu. "Vizuri. Hatuingii majini kabla ya kuingia ndani ya neno."

Nilidhani ananitania. Vijana, alikuwa mwalimu wa Kilatini, hao hawatanii. Alinikalisha ukingoni, miguu ndani ya maji, akaanza. Kwao kuogelea ni nuotare. Neno hilo, alisema, lilitoka kwa Warumi, waliosema natare. Watu wa sokoni, wanaoongea bila kumwogopa mwalimu, wakaigeuza a ikawa o, na wasomi mpaka leo wanagombana kwa nini. Lakini natare yenyewe ilikuwa na mama yake, neno fupi kuliko yote: nare. Kuelea. Kuogelea kidogo tu.

"Sasa sikiliza," akasema, akinipiga begani kwa kidole. "Warumi walipotaka kusema jambo linafanywa tena na tena, walilirefusha neno lake. Natare ni nare, na nare, na nare. Ni kuelea kusikokoma. Hakuna siri nyingine ndani ya maji. Nyinyi mnasemaje?"

"Kuogelea. Nadhani limetokana na kuoga."

Macho yake yakawa ya msichana. Akaniambia kwamba nyuma ya Kilatini, kabla ya Roma kuwa hata kijiji, ulikuwako mzizi mmoja wa kale sana uliomaanisha kuelea na kuoga kwa pamoja, na kwamba Wahindi wa zamani walichukua upande wa kuoga, Warumi wakachukua upande wa kuelea. "Na ninyi, ambao hamkuwa na undugu na yeyote kati ya hao, mmefika mlango ule ule kwa miguu yenu! Binadamu ni yule yule akilowa." Nilimwambia ni kweli, na kwamba jua limepanda na labda tuahirishe. Akanisukuma kwa mguu.

Nilizama kama tofali.

Aliniopoa kwa wavu wangu mwenyewe. Hakuingia majini nami hata siku moja, kwa heshima yangu na ya Zuhura; alisimama juu ukingoni na vazi lake la taulo, ameushika ule mpini wangu mrefu, na wavu ameuweka chini ya mgongo wangu. Mpini niliouunga ili niwe mbali na maji, ndio ulionishikilia ndani yake. "Nare," alisema. "Usipige mateke. Nani amekuambia upigane? Nare tu."

"Mimi ni mzito, Mwalimu."

"Umewahi kunisimulia bwawa la saruji lililoelea Houston. Wewe ni mzito kuliko bwawa?"

Nikalegea. Masikio yakaingia majini na dunia ikanyamaza. Sauti ya Mwalimu ikawa ya mtu anayeongea chumba cha pili. Juu yangu ndege ilikuwa ikishuka kuelekea uwanjani, tumbo lake jeupe, polepole, na kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba nayo imelala tu juu ya kitu kisichoonekana, na haipigi mateke. Nilipogeuza macho, wavu ulikuwa mikononi mwa Signora Ottavia, ukidondosha maji, mbali kabisa na mgongo wangu.

Nilizama tena, bila shaka. Lakini nilikuwa nimeona.

Nyumbani Zuhura hakushuku kitu. Miaka ishirini na saba nimerudi nikinuka klorini. Hakuna kazi iliyo nzuri kama hii kwa mtu anayeficha siri ya majini. Kufikia wiki ya sita niliweza kuelea chali na kujisukuma kwa viganja, kama kobe aliyepinduliwa na akaridhika. Kifudifudi sikuweza kabisa. Na kwa kuwa nililala chali, sikuona ninakokwenda.

Houston walikuwa wamekodi bwawa la mji. Moshi wa nyama, watoto wanaojibu wazazi wao kwa Kiingereza, kina mama na mabuibui yao kwenye viti upande wa kulia, Zuhura wangu mstari wa mbele. Nikapelekwa nikasimame na mzee wa mwisho wa Houston, Mzee Kassimu, Mzanzibari mnene anayeendesha lori. Wenzetu walikuwa wameanza. Maji yanaruka, watu wanapiga mayowe. Kassimu akaniinamia.

"Salimu, ndugu yangu. Unaogelea?"

"Wewe je?"

"Mimi nilisema nimezaliwa Nungwi, ufukweni. Hawakuniuliza kama nilipata kulowa."

"Subhanallah! Kwa nini hukukataa?"

"Walisema wa Dallas wameleta bingwa wa Likoni. Nikaona aibu."

Tulitazamana. Kisha wenzetu wakagusa ukuta, na Wanjiku akapuliza filimbi kana kwamba ni moto.

Kassimu alishuka kwa ngazi, akakumbatia ukingo, na akaanza kuzunguka bwawa ubavuubavu, kama kaa. Mimi nikasema bismillahi, nikalala chali. Nare. Nikasukuma. Niliona mbingu ya Houston, nyeupe kwa joto. Nilisikia, kwa mbali, kana kwamba kutoka chumba cha pili, sauti ya Wanjiku: "Babu! Unaenda wapi? Kushoto! Kushoto kwako!" Nikasukuma zaidi. Watu walicheka, wakachoka, nasikia hata pilau ilianza kupakuliwa. Mwishowe kichwa changu kikagonga ukuta, nami nikashukuru Mungu, nikainua macho.

Haukuwa ukuta wa mwisho. Nilikuwa nimepinda nikafika upande wa kina mama. Juu yangu alisimama Zuhura.

"Salimu."

"Labeka."

"Hivi ndivyo ulivyovuka Likoni?"

Uongo ulikuja wenyewe, umeoga na kuvaa: ni uzee, mke wangu, mwili umesahau. Ulikuwa mdomoni tayari. Lakini niliona kwamba alikuwa amevua viatu. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya maji mpaka kifundoni, na buibui amelikunja na kulifunga kiunoni. Zuhura, ambaye hajui kuogelea hata kwenye beseni, alikuwa anakuja kuniokoa.

"Nilipanda feri," nikasema.

Kina mama wakasogeza viti karibu.

"Na yale maji?"

"Ya bomba. Ndoo moja."

"Na viatu?"

"Nilivitia mdomoni nilipokaribia mlango."

Akautoa mguu wake majini. Akavaa viatu, kimoja, kingine, akafungua kiuno cha buibui, akaenda zake. Nyuma yangu Houston walilipuka kwa shangwe: Mzee Kassimu, akihema, alikuwa amefika.

Kutoka Houston mpaka Euless ni saa nne, na kwa saa mbili za kwanza nilisikia matairi tu. Tuliposimama kutia petroli, Zuhura alisema, akitazama mbele:

"Kulikuwa na mtu mwingine aliyeniposa. Ana duka la vitambaa, gari, na meno yote. Nilimkataa kwa sababu hakuwa amelowa."

"Nisamehe, Zuhura."

"Likoni pana upana gani?"

"Kama nusu kilomita."

"Na bwawa la huyo mwalimu wako?"

"Mita kumi. Nani kakuambia kuhusu mwalimu?"

"Kassimu anaogelea kama kaa. Wewe umefundishwa." Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Mara hamsini. Utanivukia, Salimu."

Basi mjue jinsi nilivyomaliza kazi yangu. Kila asubuhi tulikwenda Grand Prairie. Nilitegemea wanawake wale wawili wagombane. Waliketi pamoja chini ya mwavuli kama walionyonya ziwa moja. Zuhura alileta bakuli la tende na gilasi. Kila nilipomaliza upana mmoja, alikula tende na kutupa kokwa kwenye gilasi. "Sukari yangu ikipanda ni wewe," aliniambia. Siku nyingine nilimaliza tatu, siku nyingine sita. Niliposimama kupumzika, Signora Ottavia alisema, "Natare, Salimu! Umesimama kwenye nare!" Na Zuhura, ambaye alikuwa amefundishwa neno hilo kwa kahawa, aliitikia, "Natare, mzee, natare!" Nilipopinda, walinirudisha kwenye mstari kwa mpini wangu. Niliwakuta siku moja wakijadili kama nimekonda.

Kokwa ya hamsini ililia ndani ya gilasi asubuhi ya Alhamisi. Nilishika ukingo miguuni pa Zuhura, nikihema, macho yanawasha, nikamtazama. Alikuwa ameleta kikoi kikavu, amekipakata. Akanitazama kwa muda, bila kucheka, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyetoka mbali.

"Nimefika," nikasema.

"Naona. Karibu Likoni."

Nikanyoosha mkono anivute. Hakuupokea.

"Na kwenu Kibokoni utarudije?"

"Zuhura. Kwa feri."

"Feri imeshaondoka," akasema, na akamwaga kokwa zote mezani.

Signora Ottavia alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Nikavuta pumzi, nikalala chali, nikausukuma ukuta.